Hii ni Sanamu ya Nani?

Walimu wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa mbele na madaftari yenu, asanteni kwa kunipokea. Nimeombwa nieleze namna ninavyofanya kazi. Mimi ni mtu wa karakana, na mengi ninayoyajua niliyafikiri nikiwa nimeinamia cheche, kwa hiyo nitayaeleza kwa mpangilio ule ule ambao mikono inaufuata.

Nianze na swali. Kila nikisimamisha kazi mpya mahali wanapopita watu, mtu wa kwanza kusimama huuliza: "Hii ni sanamu ya nani?" Naliheshimu swali hili, maana lugha yetu yenyewe ndiyo inayolizaa. Neno sanamu halipendi kukaa peke yake; linataka lifuatwe na "ya". Sanamu ya simba. Sanamu ya mwanajeshi. Sanamu ya mama na mtoto. Ukisema "sanamu" ukanyamaza, msikilizaji anabaki ametega sikio. Basi mtu akikuta mabamba matatu ya chuma yameegemeana, na upinde mmoja umechomoza katikati yake ukaelea hewani, naye anatega sikio vivyo hivyo. Zamani nilikuwa najibu, "Si ya mtu," nikaona uso wa mwulizaji ukifungwa kama mlango. Nilisema kweli, lakini sikumsaidia. Leo nataka kumjibu mtu yule vizuri zaidi, na njia ninayoijua ni kuwapitisheni karakana kwanza.

Watu huniita mchongaji, nami huitika. Lakini kuchonga ni kupunguza. Anayechonga mti au jiwe ana gogo zima mbele yake. Anatoa, anatoa tena, mpaka kilichobaki ndicho alichokitaka. Mfinyanzi anakanda na kubandika, donge likakua mikononi mwake. Kazi yangu haiko kwa huyu wala kwa yule. Mbele yangu pana vipande vilivyokwisha kukatwa, kila kimoja na umbo lake, na ninachoamua ni kipi kiguse kipi, viguse wapi, kwa pembe gani. Mimi naunga. Na mahali vitu viwili vinapoungana tunapaita kiungo, neno lile lile la goti, kiwiko na bega. Nimelitafakari sana neno hilo. Ukimwona mtu kwa mbali, kabla hujaona sura yake, unamtambua kwa viungo: anavyosimama, anavyopinda, bega lipi limeshuka. Chuma nacho ni hivyo. Bamba unaweza kulinunua, bomba unaweza kuliokota, lakini kiungo lazima ukifanye mwenyewe, na hapo ndipo kazi inapopata uhai au inapoukosa.

Njia hii bado changa. Shaba imemiminwa katika kalibu kwa maelfu ya miaka, na jiwe lina umri mkubwa zaidi. Tochi ya oksijeni na asetilini, yenye ndimi za moto zinazopita nyuzi 3,000 za Selsiasi, ilipatikana Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na ikaenda moja kwa moja viwandani. Mwaka 1918 Mhispania mmoja, Julio González, aliingia kazini katika kiwanda cha Renault karibu na Paris, akajifunza kuchomelea kwa gesi. Alikuwa amezaliwa Barcelona mwaka 1876 katika ukoo wa wafua vyuma. Ujuzi ule aliukalia miaka kumi hivi. Mwaka 1928 rafiki yake wa siku nyingi, Pablo Picasso, alimwendea akitaka msaada: kichwani alikuwa na maumbo ya fito za chuma, na hakujua namna ya kuyaunga. Wakashirikiana miaka kadhaa, na González, mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, akatoka humo na sauti yake mwenyewe. Fito nyembamba na vibamba vinavyochora hewani, na uwazi uliozungukwa na fito hizo una uzito sawa na chuma chenyewe. Mwenyewe aliiita kazi hiyo kuchora katika nafasi.

Naomba mafundi waliopo hapa waisikie sehemu hii kwa makini. Ujuzi huu haukutoka kwenye chuo cha sanaa ukashuka kwa wafanyakazi. Ulipanda kutoka kiwandani. David Smith, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1906, alifanya kazi akiwa na miaka 19 katika kiwanda cha magari cha Studebaker. Baadaye, akiwa anajifunza uchoraji New York, aliona katika jarida picha za kazi za chuma za Picasso na González, akatambua kwamba yale mikono yake ilikwisha kuyajua yangeweza kuwa sanaa. Mwaka 1933 akachomelea sanamu zake za kwanza. Akapata nafasi katika karakana ya mafundi vyuma ufukweni Brooklyn, iliyoitwa Terminal Iron Works, na jina hilo akalihamishia kwenye karakana yake mwenyewe alipohamia milimani Bolton Landing. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alichomelea vichwa vya treni na vifaru kiwandani, akarudi kwenye sanamu zake na mkono ulionyooka zaidi. Fundi wa mageti akiniambia, "Mimi ni fundi tu, mambo ya sanaa siyawezi," huwa namsimulia habari za wazee hawa wawili, na simsimulii kumfariji. Mkono wake tayari unajua nusu ya kazi.

Sasa tuingie ndani. Sianzi na mchoro. Naanza kwa kufagia sakafu, kisha namwaga juu yake vipande nilivyo navyo: mabamba, engo, nondo, mabomba, na mabaki ya kukatia. Mabaki haya nayapenda kuliko vyote. Fundi akikata duara kutoka kwenye bamba, anaondoka na duara lake na kuacha bamba lenye tundu. Yeye alitaka duara. Mimi nachukua tundu. Umbo lile halikuchaguliwa na mtu. Limezaliwa pembeni mwa umbo jingine, na kwa sababu hiyo lina ugeni ambao nisingeweza kuubuni hata kama ningechora mwaka mzima.

Navipanga sakafuni, navitazama kutoka juu ya ngazi, navipangua. Na hapa nina kanuni moja niliyojiwekea zamani: kipande kinachotangaza kilikuwa nini, nakikata mpaka kinyamaze. Chukua spana. Ukiichomelea mahali popote, mtazamaji anaona spana. Ukiiinua kidogo, anaona mdomo wa ndege. Akishamwona ndege, hataona tena kitu kingine, na kazi yote imegeuka fumbo lililofumbuliwa. Gia, mnyororo, sahani ya klachi, vyote vina maneno mengi. Navipenda, lakini vinamjibu mtu kabla hajauliza.

Lazima niseme pia kwamba kanuni hiyo si sheria ya chuma, ni tabia yangu tu. Melvin Edwards, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Houston mwaka 1937, alianza mwaka 1963 mfululizo wa kazi ndogo za kutundikwa ukutani, ukubwa wa kichwa cha mtu, akaupa jina Lynch Fragments, likikumbusha mauaji ya watu weusi walionyongwa na magenge. Humo kuna minyororo, kufuli, vichwa vya nyundo, misumari mikubwa, vyote vimesongamana na kuchomelewa pamoja. Havijanyamazishwa hata kimoja. Mnyororo ni mnyororo, unaufahamu kwa jicho la kwanza. Na hapo hapo, kwa namna ulivyobanwa kati ya vipande vingine, unakuwa pia uzito, pindo, kivuli, kitu kisicho na jina. Nilipoziona picha za kazi hizo nilielewa kwamba ukimya ninaoutafuta mimi ni njia moja tu. Yeye aliacha vitu viseme, kisha akavibana mpaka maneno yakawa mengi kupita maana moja. Bado nakata spana zangu. Ila sasa najua ninachokitupa.

Vipande vikishapatana sakafuni, naanza kuvisimamisha, na hii ndiyo hatua ninayotaka kukaa nayo kidogo, kwa kuwa sanamu inazaliwa hapa. Fundi cherehani kabla hajashona nguo hushikiza: anapitisha uzi mwepesi hapa na pale ili kitambaa kikae, mwenye nguo aijaribu, na kama bega halikukaa, uzi unafumuliwa bila kuumiza kitambaa. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Bamba linashikwa kwa vibanio au linaning'inizwa kwa winchi, naligusa kwa nukta mbili au tatu za moto, kila nukta kubwa kama punje ya mahindi, kisha nazima mashine na kuondoka.

Naondoka kweli. Nakwenda kufanya kazi nyingine. Nikirudi namvizia yule kiumbe kutoka mlangoni, kwa upande ambao sikuutarajia. Naiangalia asubuhi jua likiingia chini, na jioni kivuli chake kikiwa kirefu kuliko yenyewe. Naipindua juu chini. Kazi zangu nyingi zilizo nzuri zilipinduliwa angalau mara moja. Kilichokuwa mguu kikawa kichwa, na ghafla kitu kilichokuwa kimekaa kikaonekana kinaondoka. Nukta ikiwa si mahali pake, grenda inaipitia kwa nusu dakika na bamba liko huru tena. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mfinyanzi anajua ukweli wa methali hiyo. Mwenye jiwe ana shida kubwa zaidi, kwani kipande kilichoruka hakirudi. Chuma kinanipa kitu ambacho sikukipata kwenye jiwe nilipojaribu kulichonga ujanani: ruhusa ya kubadili mawazo. Naweza kukata leo nilichokiunga mwezi uliopita, na kesho nikakirudisha. Kuna kazi niliyoifumua mara 11. Makovu yake yote yapo, yamezibwa na kusagwa, na ukipitisha kiganja juu yake taratibu utayahisi.

Lakini ruhusa hiyo ina upande wake mgumu. Jiwe linakulazimisha ufikiri. Chuma kinaweza kukuacha uongeze bila kufikiri. Kipande kimoja zaidi, na kingine, na kingine, mpaka kazi inafanana na rundo la chuma chakavu lililopakwa rangi. Naziona kazi za namna hiyo nyingi, na nyingine nilizifanya mwenyewe. Dawa yangu ni kutoa. Kabla sijachomelea moja kwa moja, natoa kipande kimoja nikipendacho, na kuiacha kazi ikae siku kadhaa bila hicho. Mara nyingi hakirudi.

Katika kushikiza ndipo pia unapokutana na uzito. Chuma kina kilo 7,850 kwa kila mita ya ujazo. Bamba la mita moja kwa mita moja, lenye unene wa milimita 6 tu, lina kilo 47. Jicho haliamini, linaona kitu chembamba kama jani. Hiyo tofauti kati ya kinachoonekana na kilichopo ndiyo nyama ya kazi hii. Jiwe likisimama, unaona kwa nini limesimama: chini pana, juu pembamba. Chuma kilichochomelewa vizuri kinaweza kubeba bamba zito kwenye ncha moja yenye upana wa kidole, likachomoza mita nzima hewani bila nguzo. Mtazamaji anahisi tumboni kwamba lilipaswa kuanguka. Hisia ile ya tumboni, kabla ya maneno, ndiyo ninayoitafuta.

Anthony Caro wa Uingereza alilifahamu jambo hili vizuri. Alikuwa amefinyanga miili mizito ya watu, na aliwahi kuwa msaidizi wa Henry Moore, mchongaji mashuhuri wa huko huko Uingereza. Mwaka 1959 alisafiri Marekani, akakutana na David Smith, na aliporudi akanunua chuma na kuanza upya akiwa na miaka 35. Alifanyia kazi kwenye gereji, nafasi finyu ambayo haikumruhusu kurudi nyuma na kuitazama kazi yote kwa pamoja, na kwa hiyo kila uamuzi ulifanywa kwa karibu, kiungo kwa kiungo. Mwaka 1962 akamaliza Early One Morning, yaani Asubuhi Moja Mapema: mabamba, mabomba na mihimili, urefu wa zaidi ya mita 6, imetandazwa moja kwa moja sakafuni bila jukwaa la chini. Kwanza ilikuwa ya kijani. Mkewe, mchoraji Sheila Girling, ndiye aliyesema ingefaa nyekundu. Wekundu ule mmoja unafunika chuma chote, na uzito unatoweka. Unabaki na mwendo, kama mtu anayenyoosha mikono baada ya usingizi. Kuiondoa sanamu juu ya jukwaa lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Juu ya jukwaa, sanamu iko katika dunia yake na wewe katika yako. Sakafuni, mnagawana sakafu moja, na inabidi uizunguke kama unavyomzunguka mtu aliyesimama njiani.

Sasa moto. Nitawaeleza kosa langu, kwa kuwa limenifundisha kuliko mwalimu yeyote. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa na bamba moja refu la kusimama, mita 2, unene wa milimita 8. Upande mmoja nilitaka safu ya mapezi, kama mbavu. Nilikuwa na hamu ya kuiona imekwisha. Nikachomelea mapezi yote alasiri moja, mshono mmoja mrefu kutoka chini hadi juu, upande ule ule, bila kupumzika. Asubuhi nilikuta bamba limeinama. Ncha ya juu ilikuwa imevutwa upande wa mapezi kwa upana wa vidole vitatu. Nikaligonga kwa nyundo. Likanirudishia mlio tu. Nikafikiri nitalivuta kwa kuchomelea upande wa nyuma, likajipinda kama kamba. Wiki nzima nilipigana nalo. Mwisho nikalikata vipande.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Chuma kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa kila nyuzi 100 kinazopanda, mita moja ya chuma hurefuka takriban milimita 1.2, na kikipoa husinyaa kiasi hicho hicho. Ule mstari mwembamba wa mshono unawekwa ukiwa majimaji, unaganda, kisha unataka kusinyaa kutoka kwenye joto lile lote, huku bamba baridi pembeni yake likiukatalia. Hakuna anayeshinda kabisa. Bamba linainama kuelekea kwenye mshono, na mvutano unaobaki unakaa humo ndani miaka yote.

Fundi mzoefu anajua kulikwepa hilo: shikiza kwanza kila mahali, chomelea vipande vifupi, kisha ruka mbali, leo upande huu, kesho ule, subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu yake, au tega bamba likiwa limeinama kinyume, ili likivutwa linyooke. Hayo nayafanya hadi leo. Ila kuna siku nilijiuliza kwa nini namchukulia moto kama adui. Mafundi wa meli wana ujuzi wa zamani wa kupitisha mstari wa moto juu ya bamba, bila kuchomelea chochote, na lilipopoa likajikunja lenyewe kuelekea upande uliochomwa. Nikaanza kujaribu. Mstari mmoja, ngoja. Wa pili, ngoja. Bamba likapata mpindo mdogo sana, mpindo ambao mashine ya kukunjia haiwezi kuutoa kwa sababu mashine inajua pembe tu. Linaonekana kama karatasi iliyoanza kunyanyuka kwa upepo. Mipindo ile sasa iko katika karibu kila kazi yangu. Bamba lililonishinda lilikuwa likinionyesha jambo hili hili, nami nilikuwa na nyundo mkononi.

Watu wanabishana kama mshono uonekane au usagwe. Mimi nausaga pale unapomvuta mtu atazame ustadi wangu badala ya umbo, na nauacha pale ambapo kuungana kwenyewe ndiko jambo. Mshono mzuri una mawimbi madogo yaliyolaliana, kila moja ni alama ya mkono uliosogea kwa mwendo sawa. Kuusaga ule wakati mwingine ni kufuta sahihi. Smith katika mfululizo wake wa Cubi, kazi 28 za chuma kisichoshika kutu alizozianza mwaka 1961 na ambazo kifo chake kilizikatiza mwaka 1965, alipitisha diski ya kusagia juu ya masanduku yake kwa mizunguko kama ya brashi ya mchoraji. Akaziweka nje uwanjani. Jua likisogea, mizunguko ile inawaka na kuzima, na kitu kizito kuliko ng'ombe kinaonekana kimetengenezwa kwa nuru.

Kuhusu kutu nitasema machache. Chuma cha kawaida kilichoachwa nje kitaliwa mpaka kiishe. Aina ya Cor-Ten, iliyotolewa na kampuni ya United States Steel mwaka 1933 kwa mabehewa ya reli, ina shaba na kromiamu kidogo, na kutu yake hushikamana ikawa ngozi ya kujilinda, mradi ipate kulowa na kukauka kwa zamu. Maji yakituama juu yake, inaoza kama nyingine. Kwa hiyo toboa tundu la kutolea maji popote panapoweza kufanya kikombe. Na kama unapaka rangi, kwanza ondoa lile gamba jeusi linalotoka na chuma kiwandani, maana rangi itashika gamba, na gamba litabanduka.

Vijana, hili la usalama sisemi kwa kutimiza wajibu. Mwanga wa umeme wa kuchomelea unachoma jicho kwa sekunde chache, na maumivu yanakuja usiku, kama mchanga chini ya kope. Bati na bomba lenye zinki, saga zinki yote kabla ya moto. Moshi wake mweupe utakulaza na homa. Pipa lililowahi kuwa na mafuta usilikate wala usilichomelee, hata kama limeoshwa, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo yake unalipuka. Nina rafiki aliyepoteza jicho kwa kipande cha diski ya grenda iliyopasuka. Alikuwa ameivua miwani kwa dakika moja ili aone mstari vizuri.

Narudi kwa mtu aliyesimama mbele ya kazi na swali lake. Richard Serra, msanii wa sanamu wa Marekani ambaye ujanani alifanya kazi katika viwanda vya chuma, aliandika kati ya mwaka 1967 na 1968 orodha ndefu ya vitenzi kwa mkono wake: kuviringisha, kukunja, kutegemeza, kuning'iniza na vingine vingi. Mwaka 1969 alichukua mabamba manne ya madini ya risasi, yenye uzito wa karibu tani moja kwa jumla, akayasimamisha yakiegemeana kwenye pembe kama nyumba ya karata. Hakuna mshono hata mmoja. Yanasimama kwa kuwa kila moja linataka kuanguka na jingine linalikatalia.

Nilipoifahamu orodha ile niliona lugha yetu imenipa jibu tangu mwanzo nami sikulisikia. Katika Kiswahili kitenzi kikivaa "ku" kinageuka jina bila kupoteza mwendo wake. Kuegemea. Kubana. Kupenya. Kukwepa. Kubeba. Tunaweza kusema kuegemea kwake, kubeba kwao. Basi lile "ya" linalosubiri baada ya sanamu linaweza kupewa mwenzake. Mtu akiniuliza siku hizi, "Hii ni sanamu ya nani?" namwambia, "Hii ni sanamu ya kuegemea." Namwomba aizunguke, kisha aniambie nani anamwegemea nani, na kama anayebeba anaonekana amechoka au hajachoka. Watu wanalijibu hilo mara moja. Wanainama, wanachungulia, wanageuza shingo. Mzee mmoja aliniambia upinde wangu haukwepi bamba, unalisindikiza, na alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeifanya ile kazi miezi 5 bila kuliona neno hilo.

Kuna moja karakana sasa hivi. Mabamba matatu na kipande cha bomba lililokatwa mshazari, vimeshikizwa kwa nukta mbili tu. Imesimama hivyo wiki ya saba. Bamba la kati linabeba, hilo naliona, lakini linabeba kwa urahisi mno, na ninashuku ni kwa sababu bomba limekaa chini sana. Kesho asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ule ukuta wa nyuma, nitaikata nukta ya kulia na kuliinua bomba kiasi cha kiganja, nione.